Wauguzi wanaorudi chuoni na kitendawili cha chumba ukanda wa dhahabu

KILA mwaka, ifikapo Septemba na Oktoba, wakati wakulima wa Usukumani wanatazama mawingu wakisubiri mvua za kwanza, kundi jingine la watu huonekana likizunguka mitaani katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita likiwa na mabegi na bahasha za kaki. Hao ni wanafunzi wa vyuo vya afya wanaotafuta vyumba vya kupanga. Miongoni mwao wamo wenye umri mkubwa kidogo, baadhi wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Hao ni wauguzi waliokwisha kufanya kazi katika zahanati na vituo vya afya, ambao sasa wanarudi darasani kuongeza elimu kwa kozi iliyofupishwa.

Ili kuelewa kwa nini chumba ni jambo zito kwa kundi hili, ni vema kwanza kueleza kozi yenyewe. Mafunzo ya uuguzi na ukunga katika vyuo vya kati nchini hupangwa kwa ngazi. Ngazi ya nne ni astashahada ya awali, ya tano ni astashahada na ya sita ni stashahada. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hupanda ngazi hizo zote kwa miaka mitatu. Lakini mtu ambaye tayari ana astashahada, anayejulikana kazini kama Muuguzi Daraja la Pili, harudishwi mwanzo. Huingia moja kwa moja katika hatua ya juu na kutoka akiwa na stashahada inayomwezesha kuitwa Afisa Muuguzi Msaidizi.

Faida ya mpango huo iko wazi: muda ni mfupi na muuguzi hakai mbali na wagonjwa kwa miaka mingi. Gharama yake ni kwamba muda huo umebanwa. Asubuhi kuna darasa, mchana kuna mazoezi ya vitendo wodini, na zipo zamu za usiku ambazo mwanafunzi hawezi kuzikwepa, kwa kuwa mtaala unataka athibitishe ujuzi wake kwa vitendo mbele ya msimamizi. Anayepoteza wiki tatu za mwanzo akihangaika na madalali huwa amepoteza sehemu kubwa ya muhula, na hakuna muhula wa ziada wa kufidia.

Hapo ndipo mahali chuo kilipo panapoleta tofauti. Chuo cha Kolandoto, kilicho pamoja na hospitali ya Kanisa la African Inland Church Tanzania iliyoasisiwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, kiko nje ya mji wa Shinyanga, kwenye njia panda inapochepuka barabara ya kwenda Lalago na Mwanhuzi. Mwanafunzi asiyepata bweni hapo ana mambo mawili ya kuchagua: kupanga kwa wenyeji wa Kolandoto kwenyewe, ambako vyumba ni vichache, au kupanga mjini na kusafiri kila siku. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga nayo imehamia Mwawaza, pembezoni mwa manispaa. Hivyo mtu anayepanga katikati ya mji kwa kudhani kwamba hospitali ya mkoa iko jirani, kama ilivyokuwa zamani, atashangaa siku ya kwanza ya mazoezi.

Geita ni habari nyingine kabisa. Mji huo ulikuwa makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi Machi 2012, ulipotangazwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umeanza uzalishaji. Ukawa mji wenye chuo cha uuguzi, hospitali ya mkoa, ofisi za serikali, wafanyakazi wa mgodi, wafanyakazi wa makampuni ya huduma na wachimbaji wadogo wa Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, wote wakigombea vyumba vilevile. Soko la madini lililozinduliwa hapo Machi 2019 liliongeza wafanyabiashara katika orodha hiyo.

Mwenye nyumba naye ni mtu mwenye hesabu zake. Akiwa na mpangaji anayetoka mgodini na fedha taslimu za mwaka mzima, na mwingine ni mwanafunzi anayeomba kulipa mwezi mmoja mmoja, haihitaji elimu kubwa kutabiri nani atapewa ufunguo. Inapotokea rashi, yaani dhahabu inapozuka mahali na watu kumiminika, vyumba vya vijiji vya karibu hujaa kwa siku chache na kodi hupanda bila ukuta kuongezwa hata tofali moja. Kahama iliyaona hayo wakati mgodi wa Buzwagi ulipoanza kazi mwaka 2009, na ikaona upande wa pili pale uchimbaji uliposimama mwaka 2021.

Kwa mwanafunzi, kosa la kwanza huwa ni kutazama kodi peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni, si bei ya soko. Chumba kilicho jirani na chuo kinatozwa Sh60,000 kwa mwezi, na kingine kilicho mbali Sh35,000. Wa mbali analazimika kulipa bodaboda Sh3,000 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za mwezi, nauli inafika Sh78,000. Ukijumlisha na kodi, chumba cha “bei poa” kinagharimu Sh113,000, karibu mara mbili ya kile cha jirani. Hapo bado hatujahesabu usiku ambao bodaboda hupandisha nauli, wala asubuhi ya mvua ambayo hapatikani kabisa. Shinyanga ina bahati ya baiskeli za abiria, ambazo wenyeji wamezoea kuziita daladala kana kwamba ni mabasi, lakini baiskeli si usafiri wa saa nane za usiku.

Na saa nane za usiku ndiyo saa inayopaswa kuamua. Wengi wa wanafunzi wa uuguzi ni wanawake. Anayetoka zamu ya jioni anapita gizani akiwa amevaa sare nyeupe inayoonekana kutoka mbali. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, chumba kisichofikika kwa usalama usiku hakifai hata kikitolewa bure. Ni busara kwenda kukiangalia mara mbili, mchana na tena baada ya saa mbili usiku, kwa miguu, kwa njia ileile itakayotumika. Iulizwe pia kama mtaa una ulinzi. Maeneo haya ndiyo yaliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anaweza kukueleza nani analinda, wapi na kwa mchango gani wa kila mwezi.

Jambo la pili ni maji na udongo. Manispaa ya Shinyanga na mji wa Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria kupitia mradi unaochukua maji Ihelele, wilayani Misungwi, uliozinduliwa mwaka 2009. Bomba likiwa mtaani halina maana kwamba limefika uani, na likiwa uani halina maana kwamba bili ya mpangaji aliyehama imelipwa. Ama kuhusu udongo, anayekagua chumba mwezi Oktoba hukiona kikiwa kikavu na njia yake ngumu kama lami. Aulize hali ya Januari. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa viatu, pikipiki na hata gari, na chumba kilichokuwa dakika kumi kutoka chuoni huwa nusu saa.

Geita na vitongoji vyake vina tahadhari ya kipekee ambayo mgeni haifikirii. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, nyumba ya kupanga inaweza kupakana na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lake huumiza mapafu na kelele zake hazimpi usingizi aliyetoka zamu. Baya zaidi ni zebaki. Wachenjuaji huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma, mara nyingine uani kwa mtu, na mvuke wake hauonekani wala kunusika. Ni hatari kwa ubongo na figo, na zaidi kwa mjamzito na mtoto mchanga. Muuguzi anayehamia na mwanawe aulize majirani wanafanya kazi gani kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani.

Vilevile Shinyanga na Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Chumba chenye dari na madirisha yenye wavu si anasa.

Sasa tuje kwenye fedha na karatasi. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka imeenea, na dalali hudai kodi ya mwezi mmoja juu yake. Hakuna tena chombo kinachopanga ukomo wa kodi, kwani sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005 na mahusiano ya upangaji yakabaki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Sheria hiyo inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, hata ukiwa wa mdomo. Tatizo la makubaliano ya mdomo ni ushahidi. Mwanafunzi aandikiwe mkataba unaotaja kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji na umeme, na kodi ya mbele itarudishwa vipi iwapo chuo kitampangia mazoezi wilaya nyingine. Asiye na muda uliotajwa na anayelipa kila mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Fedha zisitolewe kwa dalali kabla ya kuonana na mwenye nyumba na kuthibitishiwa na mwenyekiti wa mtaa kwamba ndiye hasa. Chumba kimoja kimewahi kulipiwa na watu watatu katika miji mingi nchini, na dalali akazima simu. Mgogoro ukitokea baada ya kuingia, Baraza la Kata hupokea malalamiko kwa usuluhishi tu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwa mtu mwenye mtihani wiki ijayo, safari hiyo ni ndefu.

Umeme nao una hesabu yake. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote. Wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi hupata bei nafuu, lakini wapangaji sita wanaotumia uniti 20 kila mmoja ni uniti 120, hivyo wote wanalipa bei ya juu ingawa hakuna aliyetumia kwa wingi. Katika mita hiyohiyo hukatwa kodi ya jengo tangu Agosti 2021, kwanza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha Sh1,500 kuanzia Julai 2023. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, na inaruhusiwa kabisa kukubaliana naye mapema jinsi itakavyorudishwa.

Kwa upande wa wanaosoma bila mshahara, Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya. Muuguzi aliye kazini njia yake ni tofauti: aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa maandishi na apate jibu kwa maandishi kabla ya kuhama, maana mshahara ukisimama katikati ya kozi, kodi haisimami.

Mabweni yapo katika baadhi ya vyuo, na kwa kijana asiye na familia hayo ndiyo suluhisho jepesi. Mama mwenye mtoto anayenyonya hawezi kulala naye bwenini. Anayejua mapema kwamba atakuja na mtoto aandike barua kwa mlezi wa wanafunzi mara tu apatapo majibu ya udahili, kwa sababu walezi huwajua wenye nyumba walio jirani, na wanafunzi wanaomaliza Agosti huacha vyumba ambavyo dalali bado hajavisikia.