Taa za Kliniki ya Meno: Anza na za Dari

Anayefungua kliniki ya meno Nakuru, Njoro au Gilgil husikia kwanza kwamba taa ya LED itamwokolea stima. Tupige hesabu. Taa ya kiti ya halojeni yenye wati 75, ikiwaka saa 6 kwa siku 26, hutumia karibu yuniti 12 kwa mwezi. LED ya wati 15 haifiki yuniti 2.5. Tukichukulia yuniti kuwa shilingi 25, unaokoa chini ya shilingi 250. Kwa hizo pekee, taa mpya itachukua miaka kujilipa.

LED ina faida nyingine. Balbu ya halojeni hudumu saa 1,000 hadi 2,000 hivi, na joto lake humsumbua mgonjwa. LED nzuri hupita saa 20,000. Stima ikipotea, betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu, huwasha halojeni kwa saa 8 hivi tu. LED hiyo huvuka siku kadhaa za kazi. Kompresa haitanguruma, lakini utamalizia kushona fizi ukiona.

Jambo zito zaidi hapa kwetu ni rangi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayopita kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na waliokunywa maji hayo utotoni hubaki na madoa ya kahawia kwenye meno. Wanapokuja kuyafunika, rangi iliyochaguliwa chini ya mwanga mbaya huumbuka mgonjwa akitoka juani. Na daktari anapolinganisha rangi huzima taa ya kiti, akategemea dirisha na dari.

Kwa hiyo soma boksi la taa za dari: CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) ya 80 yafaa mapokezi, lakini chumba cha matibabu kinataka 90 au zaidi, na kelvini 5,000 hadi 5,500, karibu na mwanga wa mchana.

Bajeti ikibana, bakiza halojeni inayofanya kazi, mradi balbu zake zinapatikana, ununue taa bora za dari. Ukinunua LED ya kiti, dai yenye mwanga wa njano wa ziada, kwa sababu mwanga mweupe huanza kugandisha resini kabla hujaipa umbo.