Kioo kikijaa ukungu, usikipanguse kwa kiganja

Msee, kama hujawahi kuamka Sironga saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, bado hujaujua ukungu. Unatoka nje unakuta kama mtu amemwaga maziwa juu ya kaunti nzima ya Nyamira. Mlingoti wa stima ulio hatua ishirini huuoni. Unasikia ng'ombe analia na hujui yuko upande gani.

Sasa jiweke ndani ya lori kuukuu la jeshi katika hali hiyo, limejaa ndizi, linateremka kuelekea soko la Daraja Mbili mjini Kisii.

Mimi nimekaa humo. Nilikuwa nimeacha chuo, sina shughuli, nikapata kibarua cha tanboi. Gari lenyewe lilikuwa Bedford. Hizo ni lori za Kiingereza zilizoanza kuundwa mwaka 1931, na jeshi la Uingereza lilizitumia sana. Zikizeeka jeshini huuzwa, anazichukua mtu wa mbao au wa ndizi, na maisha yanaendelea. Letu lilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili bapa, vimeshikwa na raba iliyokauka. Hita ilikufa kabla sijazaliwa. Waipa za upande wangu zilifungwa kamba iliyopita dirishani, na kazi yangu ilikuwa kuvuta. Vuta, achilia, vuta, achilia. Usicheke, kwa lori nyingi za zamani hiyo kamba ndiyo mota.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipanda watatu kwenye kabini: dereva, mama mwenye ndizi na mimi. Nguo zote zimelowa, na miguuni kuna magunia mawili mabichi ya kufunikia mzigo. Tulitembea kidogo tu, kioo kikawa cheupe.

"Omomura, pangusa," dereva akaniambia. Sisi tulimwita Omogaka, kwa heshima ya umri wake.

Nikapangusa kwa kiganja, kama vile wewe ungefanya. Kikaonekana safi. Kisha tukafika kona, gari likatokea mbele na taa zake zote, na ile mistari ya mafuta ya mkono wangu ikawaka kama karatasi nyeupe. Hatukuona chochote. Omogaka akakanyaga breki, lori likalia, ndizi zikasukuma kabini kwa nyuma. Gari lile lilipopita tukaona boda boda mbele yetu, karibu kuliko urefu wa kitanda. Haikuwa na taa ya nyuma. Imebeba mitungi ya maziwa na mtoto wa shule mwenye sweta.

Yule wa boda boda hata hakugeuka. Sidhani kama anajua mpaka leo.

Omogaka aliegesha lori kando na kuzima injini. Mama wa ndizi akaanza kulalamika kwamba Daraja Mbili wanunuzi wa jumla huwahi, na ukichelewa unauza kwa bei ya hasara. Omogaka akamjibu kwa upole, "Mama, ndizi zitauzwa kesho. Yule mtoto hauzwi." Halafu akanigeukia. "Huo ukungu ulioupangusa umetoka wapi?"

Nikaonyesha nje. Akatikisa kichwa na kuonyesha mdomo wangu.

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Ukungu wa nje na ukungu wa kwenye kioo ni vitu viwili. Ule wa nje huwezi kuufanya lolote zaidi ya kupunguza mwendo. Ule wa ndani unautengeneza wewe. Pumzi yako inatoka ikiwa na joto na mvuke, inagusa kioo baridi, mvuke unageuka matone madogo sana. Watu watatu, nguo mbichi, magunia mabichi, madirisha yamefungwa: hapo umewasha sufuria ya chai ndani ya kabini.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni kutoa unyevu. Tulitupa magunia nyuma kwenye mzigo. Tukafungua madirisha yote mawili kiasi cha vidole vitatu, baridi ikaingia, tukatetemeka, na baada ya muda mfupi kioo kikaanza kujisafisha chenyewe. Gari la siku hizi lina esi, na esi hukausha hewa. Iwashe hata kama kuna baridi, pamoja na hita, uelekeze upepo kwenye kioo.

Dawa ya pili hufanywa jioni, gari likiwa limelala. Osha kioo kwa ndani kwa maji na sabuni, kausha, kisha paka sabuni kidogo sana na uisugue kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane. Tone likitua hapo linatandaa na halifanyi ukungu mzito. Kwa nje, madereva wa zamani hukata kiazi kibichi na kusugulia kioo, maji ya mvua yateremke kama shuka. Inasaidia kwa muda, hasa waipa zikiwa za kamba. Ila usitumie kitambaa cha gereji chenye dizeli. Usiku, taa ya gari linalokuja ikigonga hayo mafuta, utaona kile nilichoona mimi.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1903 Mmarekani Mary Anderson alipata hataza ya waipa baada ya kusafiri New York wakati wa baridi na kuona dereva akihangaika na kioo. Katika Vita Vikuu vya Pili, Marekani iliunda zaidi ya lori 500,000 za GMC, na kioo chake cha mbele kilikuwa na bawaba. Kikikushinda, unakifungua nje na kula upepo wa theluji usoni. Waipa za lori nyingi za petroli za enzi hizo zilivutwa na mnyonyo wa injini, kwa hivyo ukikanyaga mafuta kupanda mlima zinalala, pale pale unapozihitaji.

Theluji hatuna, lakini baridi tunayo. Ukitoka huku kwenda Nairobi utapita Kericho, Mau Summit, halafu Kimende ambako ukungu umeshaua watu. Januari 2012 barafu ya alfajiri iliunguza majani chai huko Kericho. Ukikuta barafu kwenye kioo, usimwage maji moto, kitapasuka. Na tafadhali, usiingize jiko la makaa kwenye kabini ili kupasha kioo joto. Moshi wake usioonekana unalaza watu wasiamke. Ukungu wa nje ukizidi, tumia taa za chini, maana taa kali zinakurudia usoni. Ukishindwa kabisa, toka barabarani kabisa.

Siku hiyo tulifika Daraja Mbili tumechelewa na mama akauza kwa hasara. Hakuniongelesha njia nzima ya kurudi. Tulipofika Sironga akashuka, akachukua magunia yake, na kabla hajaenda akafungua dirisha la upande wake vidole vitatu.