Bomba la Moyo: la Mguuni au la Kifuani?

Siku kaka yangu aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa moyo, cha kwanza alichonionyesha hakikuwa kovu la kifuani. Alipandisha suruali.

"Mdogo wangu, tazama hapa. Moyo uko juu, sasa huku mguuni walikuwa wanatafuta nini?"

Tulicheka, lakini swali likanikaa kichwani. Kliniki iliyofuata nikamwuliza daktari wake. Hebu sikia, msomaji wangu.

Moyo nao unalishwa na mishipa yake. Ikizibwa na mafuta, daktari anashona njia ya mchepuko, damu ipite pembeni ya palipoziba. Bomba la mchepuko linatoka mwilini mwako mwenyewe. Mtindo wa kutumia vena ya mguuni ulienezwa na Dk. René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, kuanzia mwaka 1967.

Kumbe mabomba hayo hayalingani! Vena imezoea damu ya pole pole. Ikipelekwa moyoni inakutana na presha kubwa, kuta zake zinanenepa, mafuta yanaganda. Baada ya miaka 10, karibu nusu yake huwa zimeziba au zimeharibika. Lakini ateri ya kifuani, ile inayopita nyuma ya mbavu, ni mtoto wa presha tangu kuzaliwa. Utando wake wa ndani unatoa nitriki oksidi, kitu kinachoulegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Miaka 10 ikipita, zaidi ya 90 katika kila 100 bado ziko wazi. Mwaka 1986 madaktari wa Cleveland walionyesha kwamba wagonjwa walioshonewa ateri hiyo kwenye mshipa mkubwa wa mbele ya moyo waliishi zaidi kuliko waliopewa vena tupu.

Ipo pia ateri ya mkononi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika miaka mitano huziba mara chache kuliko vena.

"Sasa daktari, mbona kaka hamkumpa ateri tupu?"

Akatabasamu. "Kaka yako ana kisukari. Ukichukua ateri zote mbili za kifuani, mfupa wa kifua unaweza kukosa damu ya kutosha, kidonda kikagoma kupona." Ndiyo maana kaka akapata ateri moja na vena mbili.

Wakubwa nao hawakwepi. Bill Clinton alishonewa michepuko minne mwaka 2004. Februari 2010 kifua kikamsumbua, ikakutwa mmoja umeziba. Akawekewa vijibomba viwili vya waya.

Mwezi uliopita nilipita kwa kaka bila taarifa. Nikamkuta nyuma ya nyumba, sigara mkononi.

"Moja tu, mdogo wangu. Si wameshaniwekea mipya?"

"Kaka, hiyo mipya ina umri. Sigara na sukari zinaufupisha."

Shemeji akatoka ndani, hakusema neno. Alinipa tu pakiti ya aspirini ya kaka: nusu ya vidonge vilivyopaswa kuwa vimekwisha vilikuwemo bado. Kaka alituangalia, akaizima.

Jumamosi hii nitapita tena, na hodi sipigi. Nawe msomaji, kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, leo hesabu vidonge vyake.