Kilomita 977? Nani aliipima?

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari za mapenzi wala za sinema. Wiki hii nina deni. Juzi kijiweni nimelipishwa soda sita, tena za baridi, kwa kosa la kuamini namba.

Washkaji walikuwa wanabishana ni jeti ipi ya vita ilikuwa kali kuliko zote kati ya zile za mwanzo, za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mimi na kidato cha nne changu nikajitosa: "Horten 229 ya Wajerumani! Kilomita 977 kwa saa!" Fundi pikipiki mmoja, mtu asiye na maneno mengi, akaniuliza swali moja tu: "Nani aliipima?" Nikabaki namtolea macho.

Bwana wee, nikaenda kusoma. Kumbe ile 977 ilipatikana kwa kalamu! Horten yenye injini za jeti iliruka mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1945. Tarehe 18 mwezi huohuo injini moja ikazima, ndege ikaanguka na kumuua rubani wake, Erwin Ziller. Nani angepata muda wa kuijaribu mpaka mwisho wa mwendo wake? Na ile Lippisch P.13a ya kuunguza makaa ya mawe, wanayoipa kilomita 1,650, ndiyo usiseme. Haikuwahi kuruka kwa injini hata siku moja.

Sasa tazama zilizoruka kweli. Gloster Meteor ya kwanza ya Waingereza, iliyoingia vitani 1944, ilikwenda kilomita 668 hivi. Bell P-59 ya Wamarekani ilifika kama 665. Mustang ya pangaboi ilikuwa inagonga 703! Namba za aibu, sikatai, ila hizo zilipimwa angani.

Fundi akanipa na hesabu. Ukitaka mwendo mara mbili, upepo unakudai msukumo mara nne. Kwa hiyo ukifunga injini yenye nguvu mara mbili, mwendo unapanda kama mara 1.4 tu. Nikaijaribu kwa Meteor. Injini zake za kwanza zilisukuma kilo 770 kila moja, za baadaye karibu 1,590. Chukua 668 zidisha kwa 1.4, unapata 935. Tarehe 7 Novemba 1945 Meteor iliweka rekodi ya dunia ya kilomita 975, na hiyo ilikuwa imevuliwa mizinga na kulainishwa mwili. Umeona hesabu inavyokaribia?

Halafu kuna ukuta wa sauti. Kule juu mita 11,000 sauti yenyewe inakwenda kilomita 1,062 kwa saa. Horten ya 977 ingekuwa kwenye asilimia 92 ya mwendo huo. Me 262, jeti iliyopigana kweli, ikifika asilimia 86 ilikuwa inainamisha pua na kugoma kumsikiliza rubani. Hata ile 870 yake ni ya injini nzima. Injini zake zilidumu kati ya saa 10 na 25, basi, kwisha kazi!

Kilichoninyima usingizi ni He 162. Wakubwa waliiagiza Septemba 1944 wakitaka ndege rahisi ya mbao, tena chapchap. Tarehe 6 Desemba ikawa tayari iko hewani. Tarehe 10 rubani Gotthold Peter akairusha kwa mwendo mkali mbele ya wageni waheshimiwa. Gundi ya bawa ikaachia, bawa likachanika, Peter akafa palepale. Kwenye michoro hakuna sehemu iliyoonyesha gundi mbovu.

Jana nimempelekea fundi hesabu zangu zote kwenye karatasi ya daftari. Kazisoma taratibu, mkono mmoja una grisi, akanirudishia.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa soda zangu ziko wapi?"