Runinga Humpa Mgombea Jina, Je, Humpa Kura?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika siasa naona sivyo, maana mgombea asiyesikika redioni, hapa kwetu Isiolo hatumjui.

Chukueni mfano wa Mohamed Abduba Dida, mwalimu wa sekondari aliyegombea urais mwaka 2013. Kabla ya mdahalo wa Februari 11, ni wangapi walimjua? Hata waandaaji walikuwa wamemwacha nje mwanzoni. Alipoingia, majibu yake ya kuchekesha yalisikika nchini kote, jina lake likawa midomoni mwa watu. Alipata kura 52,848, akampita Martha Karua aliyewahi kuwa waziri!

Lakini kura zote zilizidi milioni 12. Mwaka 2022 George Wajackoyah naye alivuma kwa ahadi ya kuhalalisha bangi, akapata 61,969 tu. Kumbe vyombo vya habari hufungua mlango, basi. Vikipenda kichekesho kuliko sera, watu hucheka, kisha humpigia waliyemzoea.

Basi wenzangu mtakaotimiza miaka 18 kabla ya uchaguzi wa 2027, mkimsikia mgeni wa siasa msiishie kucheka. Mwulizeni atafanya nini, na kwa pesa gani.