Madirisha Yaliyopandana

Mama wa nyumba anapoketi jioni kupiga hesabu ya mwezi, hutandaza mbele yake daftari la matumizi, barua ya karo na risiti za dukani. Meza ni ndogo, kwa hiyo karatasi hupandana. Aitakayo huivuta juu, na nyingine huchungulia pembeni zisije zikasahauliwa. Jambo hili ni la kawaida mno hata hakuna aliwazaye. Lakini kulihamishia kwenye kioo cha kompyuta kuliwagharimu wataalamu miaka mingi, kukawafikisha mahakamani.

Chanzo chake ni Palo Alto, katika jimbo la California nchini Marekani, kwenye kituo cha utafiti kilichofunguliwa na kampuni ya Xerox mwaka 1970. Mwaka 1973 kituo hicho kiliunda kompyuta iliyoitwa Alto. Kioo chake kilikuwa na ukubwa wa ukurasa mmoja tu wa karatasi, na Alan Kay na wenzake walitaka kuweka humo kazi nyingi kwa pamoja. Wakaipa kila kazi pande lake la kioo, wakaliita dirisha, na wakayaacha madirisha yapandane.

Mwezi wa Desemba 1979 walifika hapo wageni kutoka kampuni ya Apple, akiwamo Steve Jobs na mhandisi Bill Atkinson. Atkinson aliona, au tuseme aliamini kuwa ameona, dirisha lililofunikwa nusu likiendelea kuandikwa bila kuliharibu lile la juu yake. Akarudi kazini ameazimia kufanya vivyo hivyo. Kumbe wenyeji wake walikuwa hawajaliweza jambo hilo!

Msomaji atauliza, ugumu uko wapi? Uko hapa: ndani ya kompyuta hamna karatasi. Kuna nukta za mwanga tu, na sehemu ya dirisha iliyofunikwa haipo tena kiooni. Ikifunuliwa, hapana budi ichorwe upya. Tena sehemu inayosalia wazi si lazima iwe mstatili; huenda ikawa na pembe sita, au ikawa na tundu katikati. Atkinson alibuni njia ya kuliandika umbo lolote kwa kifupi, akitunza tu mahali ambapo mpaka wake unabadilika. Hivyo mashine ilijua mara moja mahali pa kuchora na mahali pa kuacha. Ubanaji huo ulikuwa wa lazima, kwani Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu.

Maarifa hayo nusura yapotee. Siku moja Atkinson aliligonga lori lililoegeshwa, akalazwa hospitalini. Jobs alipomkimbilia akiwa na wasiwasi, mgonjwa alimtuliza kwa kumwambia kwamba ile hesabu ya maumbo bado anaikumbuka.

Apple iliuza Lisa mwaka 1983 kwa dola 9,995, kisha Macintosh kwa dola 2,495. Microsoft nayo ilitoa Windows mwezi wa Novemba 1985, lakini madirisha yake yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni. Wala huo haukuwa ujinga. Xerox wenyewe, walipotengeneza mashine yao ya Star iliyotoka mwaka 1981, walikwisha gundua kwamba watumiaji walipoteza muda mwingi wakiyasogeza madirisha ili yasifunikane.

Mwezi huo huo kampuni hizi mbili zilitia sahihi mkataba wa kuiruhusu Microsoft kutumia sura ya kioo cha Apple. Mwishoni mwa mwaka 1987 ikatoka Windows ya pili, na madirisha yake yakapandana. Apple ikashtaki mwezi wa Machi 1988, ikidai kwamba ruhusa ilihusu Windows ya kwanza, ambayo haikuwa na mpandano. Katika hoja hiyo hakimu alikubaliana nayo. Lakini kukubaliwa hoja si kushinda kesi. Mahakama ya rufani iliamua mwaka 1994 kwamba njia za msingi za kuonyesha madirisha mengi ni mbili tu, kuyapanga kando kwa kando au kuyapandanisha, na wazo la namna hiyo halimilikiwi na mtu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani ya mwisho. Kwa maoni yangu hukumu ilikuwa ya haki, ingawa jasho la Atkinson lilistahili heshima zaidi ya iliyopewa.

Ajabu ni kwamba vigae havikufa. Windows 7 ya mwaka 2009 ilimwezesha mtu kulikokota dirisha hadi ukingoni, nalo likajaza nusu ya kioo; la pili likawekwa upande wa pili, hakuna kinachofunikwa. Apple yenyewe ilingoja hadi mwaka 2024 kuingiza utaratibu kama huo katika kompyuta zake. Atkinson alifariki dunia mwezi wa Juni 2025.