Pedali Ilipozama: Kutoa Hewa katika Klachi Nyumbani

Asubuhi moja ya msimu wa kusi tulikuwa tukishuka ferini upande wa kisiwani, gari letu la Hiace limejaa watoto 11 wa majirani ambao tumekabidhiwa kuwapeleka skuli. Mmoja wetu huendesha, mwenzake huketi mlangoni na watoto. Tulipokuwa tukipanda ule mwinuko wa gati, pedali ya klachi ilizama hadi kwenye zulia na isirudi. Gari likatikisika, injini ikazima. Nyuma yetu palikuwa na lori lililojaa mchanga, na dereva wake alikuwa ameshaanza kupiga honi. Hendibreki ilishika, alhamdulillahi. Tuliwateremsha watoto, tukawapitisha ukingoni wameshikana mikono, na vijana wa pale wakatusaidia kulisukuma gari hadi juu.

Fundi wa kwanza aliyelitazama alisema giaboksi ishushwe na klachi yote ibadilishwe. Bei aliyoitaja ilikaribia karo ya muhula mzima ya wanetu wawili. Hatumlaumu, kwani pengine ndivyo alivyozoea kufanya. Lakini jioni ile tulimpitia ami yetu, mzee aliyeendesha malori baina ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, naye akatuuliza swali moja tu: "Mkiikanyaga upesi upesi mara nne au tano, haipandi kidogo?" Tukamwambia hupanda. "Basi pleti za klachi hazina neno. Hiyo ni hewa. Itoeni wenyewe."

Maneno yale yanahitaji kufafanuliwa kwa wasiozoea mambo ya magari. Katika gari lenye klachi ya mafuta, pedali husukuma silinda ya juu iliyo karibu na miguu ya dereva. Silinda hiyo hupeleka mafuta kwa bomba jembamba hadi silinda ndogo ya chini, ubavuni mwa giaboksi, na silinda hii ndiyo inayousukuma uma unaoachanisha klachi na injini. Mafuta hayabonyei; hewa hubonyea. Pakiwa na povu la hewa ndani ya bomba, mguu wako hulibonyeza povu hilo badala ya kuusukuma uma, na pedali huwa laini kama mto. Kuikanyaga mara nyingi huongeza mafuta kidogo mbele ya hewa, na ndiyo sababu hupanda kwa muda. Klachi iliyokwisha pleti ina dalili nyingine kabisa: injini hunguruma kwa nguvu lakini gari haliendi, hasa mlimani. Yetu ilikuwa ikikataa kuingia gia, na rivasi ilikuwa ikilia kama chuma kinachosagwa. Hakikisheni pia kwamba gari lenu si la klachi ya waya, kama zilivyo tuktuk na baadhi ya magari madogo, kwani hilo halina mafuta wala hewa ya kutoa.

Vifaa tulivyohitaji vilikuwa vichache: spana ya ringi ya nambari 10 (magari mengine hutumia 8), mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa tupu, matambara, na mafuta mapya ya breki. Ndiyo, klachi hutumia mafuta ya breki. Someni kifuniko cha kikopo chake, mara nyingi kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Wala msitie mafuta ya injini hata kwa dharura, kwa kuwa huzivimbisha raba zote ndani ya silinda. Nunueni chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu, na hapa kwetu pwani unyevu haukosekani. Chupa iliyokaa wazi kabatini tangu mwaka jana haifai tena. Yaliyokuwa ndani ya gari letu yalikuwa meusi kama kahawa ya asubuhi, na hapo tulitambua kwamba hatukuwahi kuyabadilisha tangu tulinunue gari.

Kazi hii inataka watu wawili, na hapo ndipo tulipokosana. Mmoja wetu alikuwa chini ya gari, mwenzake kwenye kiti cha dereva. Tulikuwa tumeliegesha uani mahali palipo sawa, tumeweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, gia iko huru na injini imezimwa. Hiace ina nafasi ya kutosha mtu kujipenyeza chini. Gari lililo chini zaidi lapasa kuinuliwa na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Msijilaze hata dakika moja chini ya gari linalobebwa na jeki peke yake.

Kwenye silinda ya chini kuna skrubu ndogo yenye tundu, mafundi huiita nipo. Tuliisafisha vumbi, tukaivisha mpira, na ncha ya pili ya mpira tukaizamisha ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ili hewa isirudi. Aliye juu hukanyaga pedali polepole hadi chini na kuishikilia hapo. Aliye chini hufungua nipo kiasi cha robo mzunguko, mafuta hutoka yakiwa na mapovu, kisha huifunga. Baada ya kufungwa ndipo pedali huachiwa, na ikiwa haipandi yenyewe huinuliwa kwa mkono. Pedali ikiachiwa nipo ikiwa wazi, huvuta hewa ndani, na kazi yote ya mwanzo hupotea.

Sisi tulipoteza saa nzima kwa njia hiyo. Aliye juu alisikia "funga" akadhani ni "fungua". Aliye chini alijibu kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Tulinyamaza kidogo, tukanywa chai, tukakubaliana maneno mawili yasiyofanana. Aliye juu husema "Chini" pedali inapofika mwisho. Aliye chini husema "Achia" nipo inapokuwa imefungwa. Asiposikia "Achia" hainui mguu, hata akiitwa na nani. Tangu hapo kazi ilikwenda vizuri, na binti yetu wa miaka 12 akapewa jukumu la tatu, ambalo kwa hakika ndilo kubwa: kutazama kikopo cha mafuta na kutuambia kinapopungua. Kila baada ya kukanyaga mara 4 au 5 tuliongeza. Kikopo kikikauka, hewa huingia kutoka juu na mnaanza upya.

Baada ya kukanyaga kama mara 20, mafuta yalitoka safi bila povu hata moja. Tulikaza nipo kwa kiasi, maana ni nyembamba na hukatika ikilazimishwa. Pedali ilikuwa ngumu na ikishikia juu. Tuliwasha injini tukatia rivasi, ikaingia bila kelele.

Mafuta yaliyotoka ni sumu, tena hula rangi ya gari. Yaliyodondoka tuliyaosha kwa maji mengi. Yaliyo katika chupa tuliyapeleka gereji wanakokusanya oili chafu. Nyumba zetu zina mazoea ya kuhifadhi kila kitu ndani ya chupa za soda. Mafuta haya msiyaweke humo kamwe, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi wala haulizi.

Lau habari ingeishia hapo, tusingekuwa na sababu kubwa ya kuiandika. Siku ya tisa pedali ilianza kulegea tena. Tulitoa hewa usiku, asubuhi tukaendelea kubeba watoto. Wiki iliyofuata tukarudia, na wiki iliyofuata tena. Tulikuwa tumekuwa wepesi wa kazi hii, dakika 30 na imekwisha, na tulijisifu kwa wageni. Ami alipopita siku moja akatukuta chini ya gari, hakutusifu. Alisema, "Hewa haiingii pasipo mlango. Mafuta yanayopungua kikoponi huenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulivua kile kifuniko cha mpira kwenye silinda ya chini, nacho kilikuwa kimejaa mafuta. Raba ya ndani ilikuwa imechanika, ikivujisha mafuta na kuruhusu hewa. Mara nyingine uvujaji huwa juu, na dalili yake ni zulia lililolowa chini ya pedali. Na katika magari ambayo klachi na breki hutumia kikopo kimoja, tone linalopotea huko ni jambo la kuogopwa zaidi. Raba mpya na kuzifungisha kwa fundi mwingine kulitugharimu sehemu ndogo sana ya bei ile ya kwanza.

Kilichotusumbua si fedha. Kwa karibu mwezi mzima tuliwapandisha watoto wa watu kwenye mwinuko uleule wa gati, tukijua kwamba pedali ile ina kasoro ambayo hatujaitafutia chanzo. Tulikwenda nyumba hadi nyumba kuwaeleza wazazi. Wengine walicheka wakatushukuru. Mama mmoja hakucheka. Aliuliza ni siku gani hasa, tukamtajia, akanyamaza, na mwanawe akapanda gari jingine kwa muda wa wiki mbili kabla ya kurudi kwetu.

Binti yetu alichora mstari kwa kalamu ubavuni mwa kikopo, usawa wa mafuta yalipokuwa siku raba zilipofungwa. Hukitazama kila Ijumaa jioni. Hadi tunapoandika haya, mafuta hayajashuka chini ya mstari.